Wahindi tusiowajua: Wagond, Wabhil, Wakol na wenzao wa India ya Kati, na orodha inayoamua wako wangapi

Nyamisati (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kuna mchangiaji kwenye uzi wa maduka ya Kariakoo kaandika kwamba Mhindi ni mfanyabiashara tangu tumboni mwa mama yake, na kwamba huko kwao hakuna anayeshika jembe. Sikutaka kuteka uzi wa watu, ndiyo maana nimefungua huu.

Wahindi tuliokua nao mitaani wengi walitokea ukanda wa magharibi: Kutch, Kathiawar na Gujarat kwa jumla, pamoja na Wagoa na Masingasinga kidogo. Ni watu wa bandari. Mimi nimesoma Nagpur, mji ulio katikati kabisa ya ramani ya India, bahari huioni ng'o. Ukitoka mjini ukashika njia ya kaskazini au ya mashariki, baada ya saa chache unaingia misitu ya misaji na miti ya sal. Humo wanakaa watu wasio na duka wala shangazi Zanzibar, na Kihindi chenyewe wapo waliojifunzia shuleni. Wanajiita Waadivasi, wenyeji wa asili. Serikali kwenye makaratasi yake inawaita makabila yaliyoorodheshwa. Hilo la kuorodheshwa mlishike, nitalirudia mpaka mnichoke.

Sensa ya mwisho kufanyika India ni ya 2011. Iliwahesabu Waadivasi milioni 104 na ushee, asilimia 8.6 ya nchi nzima. Ukijumlisha sensa yetu ya 2022 na ya Kenya ya 2019 unaipita hiyo namba kidogo tu. Theluthi mbili yao wako kwenye mkanda unaokata nchi katikati, kuanzia Rajasthan na Gujarat, unapita Madhya Pradesh na Maharashtra, Chhattisgarh, hadi Jharkhand na Odisha. Madhya Pradesh peke yake ina milioni 15.3, hakuna jimbo linaloifikia. Katika kila watu watano wa pale mmoja ni Mwadivasi. Chhattisgarh, iliyomegwa kutoka humo mwaka 2000, ina milioni 7.8, lakini kwa uwiano iko juu zaidi, karibu watu 31 katika kila 100.

Makabila makubwa ni mawili. Wabhil, kama milioni 17, wako upande wa magharibi. Nenda wilaya za Jhabua na Alirajpur uone, kila watu kumi unaokutana nao karibu tisa ni Waadivasi. Wagond, zaidi ya milioni 13, wametapakaa kuanzia vilima vya Satpura hadi Bastar, kusini mwa Chhattisgarh, na Telangana. Baada ya hao kuna wadogo wadogo: Wakorku laki saba na kitu ndani ya Madhya Pradesh, Wabaiga laki nne, Wabharia ambao baadhi yao wanaishi chini kabisa ya bonde la Patalkot kule Chhindwara, lenye kuta za miamba pande zote.

Na msidhani ni watu wa shina moja. Siku ya gulio huko Betul, Madhya Pradesh, Mgond anaongea Kigondi, ambacho ni ndugu wa Kitelugu na Kitamil cha kusini. Mkorku aliyekaa naye mkeka mmoja anaongea lugha ya jamii ya Kimunda, ambayo ukiufuata ukoo wake unafika mpaka Kikhmer cha Kambodia. Mbhil akishuka kutoka magharibi, lugha yake iko jirani na Kigujarati. Bei wanapatana kwa Kihindi, wakigombana kila mtu anarudi kwake.

Maswali yanaruhusiwa. Kesho nikipata nafasi nitaendelea na namba zenyewe, maana zina mambo.

kijiti_cha_mwisho

Naweka kambi hapa. Mkuu, hawa ndio wale "wasioguswa"?

Nyamisati

Hapana, na karibu kila mtu huku kwetu anawachanganya. Wasioguswa, siku hizi Wadalit, wako ndani ya mfumo wa matabaka ya Kihindu, ila wamewekwa chini kabisa: wanakaa kijiji kimoja na wakubwa, lakini pembeni. Mwadivasi kihistoria yuko nje ya ngazi hiyo. Ana kijiji chake, miungu yake na mzee wake wa kuamua kesi.

Katiba ya 1950 iliwawekea orodha mbili tofauti, na tofauti yake inauma. Mdalit akiwa Mkristo au Mwislamu anafutwa kwenye orodha ya Wadalit. Mwadivasi akibadili dini anabaki Mwadivasi. Ndiyo maana Jharkhand utakuta Waoraon wengi Wakatoliki, na bado ni Waadivasi kisheria.

Mama Zuhura

Asante kwa elimu. Mimi nataka kujua wanakula nini na wanaishije, hizo namba waachieni wanaume.

Nyamisati

Dada Zuhura, umenipa nafasi ya kusema juu ya mahua.

Mahua ni mti mkubwa wa porini. Mwezi wa tatu na wa nne majani yake yamepukutika, halafu maua yanaanza kudondoka usiku kucha hadi asubuhi. Siyo ua la kunusa. Ni kitu kinene cha rangi ya maziwa yaliyoiva, kina utomvu mtamu, ukikanyaga kinanata kwenye kandambili. Kina mama wanafika chini ya mti kabla jua halijachomoza, na watoto, na vikapu. Siku kadhaa kabla wameshafagia na kuchoma majani makavu pale chini ili ua likidondoka lionekane. Mti uko msituni, lakini kila mmoja una mwenyewe na kijiji kizima kinamjua; ukiokota chini ya mti wa mwenzio ni kesi. Mshindani mwingine ni dubu. Dubu wa India anapenda mahua kupita kiasi, na kila msimu kuna watu wanaoraruliwa wakiokota gizani.

Maua yanaanikwa uani siku kadhaa mpaka yanakuwa ya kahawia na kusinyaa kama zabibu kavu. Mengine yanapikwa na nafaka, mengine yanauzwa kwa mchuuzi, na mengine, usishangae, yanapikwa gongo. Pombe ya mahua haikosi kwenye harusi, msiba wala tambiko, na mizimu inamiminiwa kwanza. Sheria za pombe za majimbo mengi zinawaruhusu Waadivasi kupika kiasi fulani kwa matumizi ya nyumbani.

Mahua yakiisha yanakuja majani ya tendu, yale ya kuviringishia bidi, sigara za maskini. Mei jua linachoma ajabu, na ndiyo msimu. Majani 50 yanafungwa fungu moja, na mafungu 1,000 yanahesabiwa mfuko mmoja. Kwa hiyo mfuko ni majani 50,000, kila moja limechumwa kwa mkono. Chhattisgarh tangu 2024 inalipa rupia 5,500 kwa mfuko. Pesa hiyo ndiyo inanunua mbegu na sare za shule, maana mvua inaanza Juni na shule nazo zinafunguliwa.

Mama Zuhura

Majani elfu hamsini! Mgongo unabaki?

kijiti_cha_mwisho

Hao dubu ndio wamenimaliza.

Nyamisati

Haya, tuingie kwenye namba, ndizo zilizonifungulisha uzi.

Uttar Pradesh iko kaskazini mwa Madhya Pradesh. Sensa ya 2001 iliwakuta Waadivasi wa jimbo lile laki moja na elfu nane hivi. Sensa ya 2011 ikawakuta laki kumi na moja na elfu thelathini na nne. Mara kumi, ndani ya miaka kumi! Hakukuwa na uhamiaji, na hata sungura hazaani hivyo.

Kilichotokea ni kalamu. Wagond wa Uttar Pradesh walikuwa wameandikwa kwenye orodha ya Wadalit. Mwaka 2003 sheria ya bunge ikawahamishia kwenye orodha ya Waadivasi, lakini katika wilaya 13 tu. Nje ya hizo, Mgond yule yule aliendelea kuwa Mdalit kisheria. Karani wa sensa haulizi unamtambikia nani au bibi yako aliongea lugha gani. Anafungua orodha ya jimbo lako, anatazama jina.

Maharashtra nayo ilipata muujiza wake. 1971 ilikuwa na Waadivasi chini ya milioni 3. 1981 wakawa zaidi ya milioni 5.7. Katikati hapo, 1976, bunge lilifuta mipaka ya kieneo: awali kabila lilihesabiwa Waadivasi kwenye tarafa fulani tu, ukihamia tarafa ya pili unapoteza kabila lako. Mpaka ukafutwa, watu wakajitokeza. Humo humo waliingia na wengine ambao majirani zao hawakuwahi kuwajua kama Waadivasi, nitafika huko.

Sasa njoo kwa Wakol. Madhya Pradesh wako zaidi ya milioni 1, wilaya za Rewa na Satna na jirani zake, na wamo kwenye orodha ya Waadivasi. Vuka mpaka uingie Uttar Pradesh, Chitrakoot au Mirzapur: ni Wakol hao hao, wanaoana, wanazikana, ila huku kisheria ni Wadalit. Mama Mwadivasi, na mjomba ng'ambo ya mpaka Mdalit.

Fundi Saa

Mkuu na heshima zako, mimi naona ni ulaji tu. Kila mtu anataka kuingia kwenye orodha apate nafasi ya chuo na kazi serikalini. Kabila ni kabila, huwezi kulipata kwa sheria.

Nyamisati

Ulaji upo, sikatai. Nagpur kwenyewe kuna Wakoshti, mafundi wa kufuma nguo, mjini kabisa, ambao kwa miaka mingi walikuwa wanachukua vyeti vya kabila la Wahalba. Wahalba wenyewe ni wakulima wa Bastar na Gadchiroli. Kesi ilifika Mahakama ya Juu, hukumu ikatoka mwaka 2000: kijana mmoja alikuwa ameshasomea udaktari kwa cheti cha Uhalba. Majaji wakamwachia shahada yake, lakini wakasema kuanzia hapo asijiite Mhalba popote, na mahakama haina mamlaka ya kuongeza jina kwenye orodha. Orodha inatangazwa na Rais, na anayeibadili ni bunge peke yake.

Lakini tazama kinachoning'inia pale. Kwanza siasa: bunge la Madhya Pradesh lina viti 230, na 47 ni majimbo ambako mgombea lazima awe Mwadivasi. Si viti maalum vya kuteuliwa kama vyetu. Wapiga kura ni wote, mgombea ndiye anayebanwa. Chhattisgarh ni 29 kati ya 90. Huwezi kumshangaa mtu anayegombania hilo.

Pili, ardhi, na hapa ndipo ninapotofautiana nawe kabisa. Sheria ya Haki za Misitu ya 2006 inasema Mwadivasi anayelima ndani ya msitu apewe hati, mradi alikuwa pale kabla ya tarehe 13 Desemba 2005. Asiye Mwadivasi anaruhusiwa kuomba, ila athibitishe kwamba ukoo wake umeishi humo vizazi vitatu, yaani miaka 75. Mtu ambaye babu yake hakujua kusoma, aliyeishi kwenye msitu ambao bwana misitu hakuwahi kumwandikia hata risiti, umwambie alete karatasi ya miaka ya 1930. Sasa mrudie yule Mkol wa Chitrakoot. Msitu ni ule ule, shamba lile lile, ila kwa sababu kijiji chake kiliangukia upande wa pili wa mpaka wa jimbo, yeye ndiye wa kuleta ushahidi wa miaka 75. Binamu yake wa Rewa anadaiwa 2005. Huyo naye anatafuta ulaji?

Fundi Saa

Hapo kwenye ardhi nimekuelewa. Lakini vigezo ni vipi? Lazima kuna kitu kinachomtofautisha.

Nyamisati

Vipo, na ukivisoma utacheka kwa uchungu. Vilitungwa na kamati ya Lokur mwaka 1965 na mpaka leo serikali inavinukuu: dalili za maisha ya kale, utamaduni wa pekee, kuishi mbali na wengine, haya ya kuchangamana na watu, na kubaki nyuma. Haya ya kuchangamana na watu! Yaani kijana wa Kigond akisoma, akavaa suruali, akaongea kwa kujiamini mbele ya afisa, ameshapoteza alama mbili.

Otis wa Kisumu

Ndugu Nyamisati, kazi safi. Kuna kitu nimesikia kuhusu watu kukanyagana Nagpur miaka ya tisini kwa sababu ya hiyo orodha. Ni kweli ama ni porojo?

Nyamisati

Ni kweli. Wagowari. Ni wachungaji wa ng'ombe wa vijiji vya mashariki mwa Maharashtra. Orodha ya jimbo ina jina "Gond Gowari". Wagowari wakasema hao ni sisi. Serikali ikasema hapana, hilo ni tawi dogo la Wagond, ninyi ni watu wengine.

Bunge la jimbo hukaa Mumbai, ila kikao cha majira ya baridi kinafanyika Nagpur. Tarehe 23 Novemba 1994 Wagowari wakaja kwa maelfu na familia zao kudai wasikilizwe. Walingoja mchana kutwa, hakuna mkubwa aliyewatokea. Jioni polisi wakawashukia kwa virungu, umati ukabanwa kwenye vizuizi. Walikufa watu 114, wengi wanawake na watoto. Mnara wao wa kumbukumbu uko pale pale mjini na daraja la juu lina jina lao. Kila Novemba ndugu wanakuja na mashada ya maua ya rangi ya chungwa, wanakaa chini kwenye lami. Nimewaona. Wazee wenye vilemba vyeupe na fimbo za kuchungia, mjini katikati ya bajaji.

Mahakama Kuu ikawapa ushindi 2018. Desemba 2020 Mahakama ya Juu ikatengua. Wachungaji wengine wa kondoo, Wadhangar, nao walipigana kesi wakidai "Dhangad" kwenye orodha ni wao, limekosewa herufi moja tu. Mahakama Kuu ya Bombay iliwakatalia 2024.

Otis wa Kisumu

Aisee. Watu 114 juu ya jina.

Swali lingine: wale ndugu zetu weusi wa India, Wasiddi, wamo?

Nyamisati

Wamo, ila si wa India ya Kati. Wako Gujarat na Karnataka hasa, na mababu zao wengi walitokea pwani yetu hii. Ngoma yao bado wanaiita goma. Na ugonjwa ni ule ule: Gujarat imewaorodhesha Wasiddi wa wilaya za Saurashtra peke yake, kama Junagadh na Jamnagar. Msiddi wa mjini Ahmedabad hayumo.

Kwa upande wa Afrika kuna kingine. Jaipal Singh, Mmunda wa Jharkhand aliyekuwa nahodha wa timu ya India iliyochukua dhahabu ya mpira wa magongo Olimpiki ya 1928, aliwahi kufundisha chuo cha Achimota, Ghana ya leo. Baadaye ndiye aliyewasemea Waadivasi kwenye bunge la kutunga katiba.

Nesi wa Zamu

Naomba niingilie upande wangu. Mimi nafanya kazi kliniki ya selimundu. Daktari mmoja aliyetufundisha alisema India ya Kati ni moja ya maeneo yenye wagonjwa wengi duniani ukiacha Afrika, na ni hawa hawa Waadivasi. Ni kweli?

Nyamisati

Kweli kabisa, dada. Sababu ni ile ile ya kwetu: misitu ya malaria. Mwenye chembe moja ya urithi wa selimundu anastahimili malaria, kwa hiyo ikadumu kwenye koo; akirithi mbili, kutoka kwa baba na mama, ndiyo taabu. Julai 2023 serikali ya India ilizindua mpango wa taifa wa kuitokomeza ifikapo 2047, uzinduzi ukafanyika Shahdol, Madhya Pradesh, kwenye eneo la Waadivasi. Lengo ni kupima watu milioni 70 na kuwapa kadi zinazoonyesha hali zao, ili vijana wakitaka kuoana wazilinganishe.

Nesi wa Zamu

Ya kwao ni aina inayoitwa ya Kiarabu na Kihindi, kwetu Tanzania iliyo nyingi ni ile ya Kibantu. Wale huwa na himoglobini ya utotoni kwa wingi hata ukubwani, kwa hiyo kwa jumla wanaumwa kidogo kuliko watoto wetu. Kwa jumla lakini, maana wapo wanaoumwa vibaya sana. Hizo kadi nina wasiwasi nazo. Msichana akionekana ana chembe, nani atamposa?

Nyamisati

Ndiyo lawama yenyewe inayosikika huko, na anayeogopa zaidi ni mama wa binti.

Fundi Saa

Mkuu, hawa watu walikuwa na dola yao au walikuwa wa kuokota maua tu tangu enzi?

Nyamisati

Fundi Saa leo umeamka vibaya.

Wagond walikuwa na falme nne kubwa: Garha-Mandla, Deogarh, Chanda na Kherla. Rani Durgavati wa Garha-Mandla, mjane aliyetawala kwa niaba ya mwanawe, alipigana na jeshi la mfalme Akbar mwaka 1564 akiwa juu ya tembo. Alipochomwa mishale na kuona anatekwa, akajichoma jambia mwenyewe. Chuo kikuu cha serikali cha Jabalpur kina jina lake. Na Nagpur niliyosoma mimi ilianzishwa mwanzoni mwa karne ya 18 na Bakht Buland Shah, mfalme wa Kigond wa Deogarh. Leo ukimuuliza dereva wa bajaji nani aliujenga mji, atakutajia Wamaratha, waliokuja baadaye wakauchukua.

Halafu Waingereza. Septemba 1857, Jabalpur, walimfunga Shankar Shah, mzee wa ukoo wa wafalme wale, pamoja na mwanawe Raghunath Shah, kwenye midomo ya mizinga wakawalipua mbele ya watu. Kosa lilikuwa mashairi na njama za kuasi.

Baada ya hapo msitu ukawa mali ya serikali, na hilo liliwaumiza kuliko mizinga. Wabaiga walikuwa wanalima kwa kufyeka na kuchoma, wanahama. Plau hawakuitaka, wanasema ni kumpasua dunia kifua na dunia ni mama. Mwaka 1890 Waingereza wakawatengea kipande kimoja, Baiga Chak, sasa wilaya ya Dindori, walime hivyo humo humo na kwingine marufuku. Mwaka 2016 Wabaiga wa Dindori wakawa wa kwanza India kupewa haki ya makazi ya kabila zima chini ya ile sheria ya 2006. Miaka 126 baadaye.

kijiti_cha_mwisho

Na mbuga za wanyama? Kanha si ndiyo huko?

Nyamisati

Ndiko. Hifadhi ya taifa tangu 1955, ya chui milia tangu 1973, na vijiji vya Wabaiga na Wagond vilihamishwa. Wengine waliambiwa wakalime tambarare, watu ambao hawajawahi kushika plau. Watalii wanapelekwa kuona Wabaiga wakicheza ngoma hotelini jioni, nje ya msitu walikotolewa. Najua mtataka kuleta Ngorongoro. Fungueni uzi wake, nitachangia, hapa tutapotea.

mgeni02

Hao si ndio waasi wa Kimao? Mbona hujawagusa.

Nyamisati

Kwa sababu kila anayeandika juu ya Bastar anaanzia kwenye bunduki. Kwa kifupi: waasi hao, wafuasi wa siasa za Mao wa China, waliingia misitu ya Bastar miaka ya 1980, wakawakuta watu wanaonyanyaswa na wachuuzi wa tendu na walinzi wa misitu. Mwaka 2005 likaanzishwa jeshi la mgambo la Salwa Judum, wanakijiji wakipewa silaha kupigana na wanakijiji, vijiji vikahamishiwa kambini. Mahakama ya Juu ilisema 2011 kwamba kuwapa silaha vijana wale ni kinyume cha katiba. Waliokufa pande zote mbili wengi walikuwa Wagond.

Mama Zuhura

Umesema mwanzo Wagond milioni 13. Wote wanaongea Kigondi?

Nyamisati

Chini ya robo. Sensa hiyo hiyo ya 2011 iliwapata wasemaji wa Kigondi kama milioni 3 tu. Kisantali, lugha nyingine ya Waadivasi, kiliingizwa kwenye katiba mwaka 2003 na kina hati yake ya Ol Chiki, wasemaji milioni 7. Kigondi hakimo. Kinasemwa kwenye majimbo kadhaa, na kila jimbo likiamua kukifundisha linakiandika kwa hati yake: Kihindi huku, Kitelugu kule. Hati za Kigondi chenyewe zipo, mojawapo ilitungwa mwaka 1918 na Munshi Mangal Singh Masaram wa Balaghat, na sasa inaingia hata kwenye simu. Ila mtoto wa Chhindwara anaenda shule anakuta mwalimu wa Kihindi, na baba yake anamwambia acha hicho cha nyumbani.

Otis wa Kisumu

La mwisho kwangu. Hiyo sensa mpya ni lini, na upande wa dini wanaandikwa nini? Maana umesema wana miungu yao.

Nyamisati

Ilikuwa ifanyike 2021, ikaahirishwa. Tarehe ya rejea iliyotangazwa ni 1 Machi 2027, na safari hii wanahesabu na matabaka yote, jambo ambalo sensa haijalifanya tangu enzi za Mwingereza.

Dini ndiyo vita vya sasa. Fomu ina Uhindu, Uislamu, Ukristo, Usikh, Ubuddha na Ujaini, halafu "nyingine". Mwadivasi anayetambikia kwenye kichaka cha miti ya sal nje ya kijiji hana safu yake. Wengi huishia kuandikwa Wahindu, wengine bila hata kuulizwa. Lakini 2011 watu karibu milioni 5 walikataa, wakamwambia karani aandike "Sarna", yaani dini hiyo ya vichaka, kwenye "nyingine". Wagond kama milioni 1 wakaandikisha dini ya Kigond. Ukilinganisha, Wajaini wenye safu yao kamili walikuwa milioni 4.5. Bunge la Jharkhand lilipitisha azimio Novemba 2020 kuomba safu ya Sarna iwekwe. Lakini anayechora fomu ni Delhi.

Otis wa Kisumu

Milioni tano hawana safu, milioni nne na nusu wanayo. Sawa, nimeelewa.